Kuibadilishia IBM 5150 pawasaplai, na hadithi ya ile hasi 5

Siku ya 1

Hii mashine imekaa mezani wiki nzima nikiizunguka tu. Ni IBM 5150, ile PC ya kwanza ya mwaka 1981, prosesa 8088 inayokimbia 4.77 MHz, na yangu ina mazabodi (bodi kuu) ya lile toleo la mwanzo ambalo hata ukijaza soketi zote za RAM unaishia kilobaiti 64. Tatizo lake: ukipandisha swichi feni inashtuka kidogo kama mtu aliyeitwa jina akiwa usingizini, halafu kimya. Hakuna mlio, hakuna kishale kwenye skrini. Ukizima ukasubiri ukawasha tena ni yaleyale.

Nikaamua hapohapo kwamba pawasaplai imekufa. Ina miaka zaidi ya 40, kapasita zitakuwa zimekauka, nani angebisha. Hiyo hukumu ishikilie, nitairudia huko mbele kwa aibu.

Na kusema kweli nilikuwa natafuta sababu. Hii pawasaplai ni ya soko la Marekani, inakula volti 120 basi, haina hata kiswichi cha kuchagua, kwa hiyo kila nikitaka kuiwasha lazima niiburute ile transfoma ya kushusha umeme ambayo ni nzito kama jiwe la kusagia na inanguruma muda wote. Kuweka kitu cha kisasa kinachokubali kuanzia 100 mpaka 240 bila maswali ni wazo nililokuwa nalo siku nyingi.

Siku ya 2

Nimeitoa. Skurubu 4 za nyuma, unaisukuma mbele kidogo inajinasua. Niliichomoa kwenye umeme tangu jana usiku makusudi, maana kapasita kubwa za upande wa umeme wa ukutani zinaweza kubaki na volti mia kadhaa hata waya ukiwa umelala sakafuni, na bado nilipofungua nikazipima kwanza kabla ya kuweka kidole.

Lebo inasema wati 63.5. Yaani chaja ya laptop ya siku hizi inaweza kuizidi. Mgawanyo ndio huu: volti chanya 5 ampia 7, chanya 12 ampia 2, hasi 12 robo ampia, na hasi 5 ampia 0.3. Zidisha kila moja kisha ujumlishe, unapata 63.5 kamili, walipiga hesabu mpaka senti ya mwisho.

Sasa angalia tofauti. Mashine hii karibu yote inaishi kwenye chanya 5, ile 12 ni ya mota za flopi na vitu vichache. Pawasaplai za sasa zimegeuza kibao, nguvu karibu yote iko kwenye 12 na hiyo 5 imebaki kama mtoto wa kambo. Halafu hasi 5 imeondolewa kabisa. Ukinunua ATX mpya leo, yaani pawasaplai ya kawaida ya PC za sasa, ile pini ya waya mweupe ni tupu. Hapo ndipo mradi wangu ulipo, hayo mengine ni kukata na kuunga waya.

Niseme kwa nini hiyo hasi 5 ni muhimu, sababu nimeona watu wanairuka na mashine inawaka kwao kwa bahati ya kuwa na bodi ya baadaye. Bodi za baadaye za 5150, zile za kilobaiti 64 mpaka 256, zinatumia RAM za 4164 ambazo zinataka chanya 5 peke yake. Yangu ina 4116. Chipu 9 kwa kila safu, moja ni ya pariti (ya kukagua makosa), safu 4, jumla 36, na safu ya kwanza imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi haina soketi. 4116 inataka umeme wa aina tatu: chanya 12, chanya 5 na hasi 5. Hiyo hasi ndiyo inayoushikilia mwili wenyewe wa silikoni uwe chini ya graundi (sifuri ya umeme), sasa ikikosekana huku 12 ipo, mkondo unaanza kupita pasipotakiwa, chipu inapata joto na inakufa. Yaani haigomi tu kwamba ukirekebisha itaendelea, inakufa. Kwa hiyo sheria ni kwamba hasi 5 iingie kwanza na itoke mwisho.

Kinachochekesha ni kwamba kila chipu inavuta hapo chini ya robo ya miliampia. Chipu zote 36 hazifiki miliampia 10. Kauzi kembamba hako ndiko kameshika roho ya mashine nzima.

Siku ya 3

Nimechagua pawasaplai ya Flex ATX, zile nyembamba za milimita 150 kwa 81.5 kwa 40.5. Lebo yake inanipa ampia 14 kwenye chanya 5, mara mbili ya ninayohitaji, na hasi 12 ampia 0.3. Wati 250 kwa jumla, ambazo sitazitumia hata robo.

Mpango ni kuificha ndani ya boksi la chuma la zamani ili ukitazama kwa nyuma na pembeni usione tofauti, na ile swichi kubwa ya pembeni ibaki inafanya kazi. Bodi ya ndani ya pawasaplai ya zamani nimeitoa nzima pamoja na waya zake, nikaitia kwenye mfuko na skurubu zake. Sijakata hata waya mmoja. Nikitaka kurudisha ni kazi ya nusu saa. Najua kuna wanaokata plagi za P8 na P9, zile zinazoingiza umeme kwenye mazabodi, kwenye pawasaplai ya asili waziungie mpya, mimi roho imekataa, nimenunua konekta mpya za nafasi ya milimita 3.96 nikabana pini mwenyewe.

Swichi: ATX haiwaki mpaka waya wa kijani uguswe na mweusi. Nimeuunga kijani na mweusi moja kwa moja, halafu swichi ya zamani inakata umeme wa ukutani kabla haujaingia kwenye Flex. Ukizima kumezimwa kweli, hakuna ile 5 ya kusubiri inayobaki macho usiku kucha. Na ile sauti yake, klak, imebaki.

Kitu ambacho nusura nikipite: nyuma ya boksi kuna soketi ya kutolea umeme kwa monita. IBM walifanya hivyo ili ukizima kompyuta na monita inazimika. Sasa monita ya 5151 ya wakati ule kama ni ya volti 120 na wewe umeshahamia 230, siku atakayekuja mgeni wako mjuaji akaichomeka hapo, kwaheri monita. Nimeondoa waya zake kwa ndani kabisa na nimeziba tundu kwa kipande cha plastiki. Mimi natumia kadi ya picha ya CGA yenye soketi ya RCA, inaingia kwenye TV, kwa hiyo sipotezi kitu.

Siku ya 4

Siku ya hasi 5. Njia rahisi ni kuchukua hasi 12 kutoka kwenye Flex ukaishusha kwa regyuleta ya 7905, kidude kinachoshikilia volti isibadilike. Inagharimu karibu na bure, ina miguu mitatu, nani atashindwa. Mimi.

Wengi wetu tumekulia kwenye 7805, ambayo mguu wa kwanza ni kuingilia, wa kati graundi, wa tatu kutokea. Kwenye 7905 wa kwanza ni graundi, wa kati ndio kuingilia, wa tatu kutokea. Hilo nilikuwa nalijua, nikalehemu vizuri, kapasita nazo nikazigeuza inavyotakiwa, maana kwenye hasi mguu wa chanya wa kapasita ndio unaokwenda graundi. Nikajipongeza. Kisha nikalifunga lile bati la mgongo la 7905 kwa skurubu moja kwa moja kwenye ukuta wa boksi lipoe vizuri, kama ambavyo nimefanya na 7805 mara mia.

Nikawasha. Flex ikapiga tik, ikajizima. Nikawasha tena, tik, kimya. Nikakaa nikaitazama. Bati la 7805 limeungwa na mguu wa kati ambao ni graundi, ndio maana unalifunga popote. Bati la 7905 nalo limeungwa na mguu wa kati, ila mguu wa kati wa huyu ni kuingilia, kwa hiyo nilikuwa nimechukua hasi 12 nikaifunga kwa skurubu kwenye chuma cha boksi. Shoti safi kabisa, imekazwa na bisibisi. Ahsante kwa aliyebuni Flex kujilinda, na ahsante kwangu kwa kutochomeka mazabodi kwanza.

Nimeweka kipande cha maika, isiyopitisha umeme, nyuma yake na ile washa ya plastiki kwenye tundu la skurubu, nikapima kati ya bati na boksi mpaka mita iseme hakuna njia. Sasa inatoa hasi 5.02.

Siku ya 5

Kabla ya kuchomeka chochote kwenye mazabodi nikasema ngoja nipime ukinzani wa kila laini ya umeme dhidi ya graundi, hapohapo kwenye pini ambazo P8 na P9 zinaingia. Chanya 5 sawa. Hasi 5 sawa. Hasi 12 sawa. Chanya 12, omu 0.8.

Omu 0.8, wakuu! Hiyo ni shoti. Nikatoa kadi zote kwenye sloti nikitumaini ni kadi ya flopi au ya CGA, bado 0.8. Iko kwenye mazabodi yenyewe.

Mtuhumiwa wa kwanza kwenye bodi za umri huu ni kapasita za tantalamu, zile za rangi kama tone la asali. Nyingi zilizowekwa kwenye laini ya 12 ni za volti 16, nafasi ya kupumua ni ndogo, na tabia ya tantalamu ikichoka ni kugeuka waya. Ziko kadhaa na sikutaka kuzing'oa moja moja kwa kubahatisha. Nikachukua pawasaplai ya mezani, nikaishusha mpaka volti 1, nikabana mkondo usizidi ampia 1, nikaulisha laini ya 12 kwa dakika mbili. Kisha kidole. Ya kwanza baridi, ya pili baridi, ya tatu baridi, ya nne iliyojificha karibu na sloti ilikuwa na uvuguvugu kama yai lililotoka kuatamiwa. Nikainyanyua mguu mmoja, laini ikapanda mpaka omu mia kadhaa. Kazi kwisha.

Nimeweka nyingine ya mikrofaradi 10 ila ya volti 25. Angalizo kwa anayezoea kapasita za kawaida za mkebe, zile mstari wake unaonyesha hasi, ila kwenye tantalamu alama ni ya chanya. Ukigeuza utapata fataki ndogo usoni.

Jioni nikiwa naosha mikono ndipo ikanijia. Kama laini ya 12 ilikuwa na shoti muda wote huu, basi pawasaplai ya zamani ilipokuwa inashtua feni na kuzima ilikuwa inafanya nini? Nikaitoa mfukoni. Hizi haziwaki vizuri bila mzigo, kwa hiyo nikaifungia balbu mbili za breki za gari, za wati 21, moja kwenye 12 na moja kwenye 5, nikaivuta ile transfoma mnguruma, nikawasha. Balbu zikawaka. 5.04. 12.1. Feni inazunguka kwa raha zake.

Yaani mzee alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anaiona shoti, anakataa kuilisha, na mimi nikamwita maiti. Na fikiria kama ningechomeka Flex bila kupima, yenye ampia nyingi kwenye 12 na isiyo na haraka ya kukata, hiyo tantalamu ingelipuka na labda kuchoma na njia za bodi.

Nimemrudisha mfukoni. Mradi unaendelea, sababu ya volti 120 bado ipo na mgongo wangu hautaki tena transfoma.

Siku ya 6

Sikugusa. Ila nililala nikiwaza kitu kimoja: hako kauzi kembamba. Regyuleta yangu ikifa, au lehemu ikiachia, 12 itabaki inaingia na chipu 36 zinakufa mimi nikiwa nacheza. Pawa Gudi haisaidii hapo. Waya wa kijivu wa ATX unaiambia mashine kwamba umeme umetulia, chipu ya saa ya 8284 inaiachia prosesa ianze, hiyo tu. Ikishuka inaisimamisha prosesa lakini 12 inaendelea kuingia kwenye RAM kama kawaida.

Siku ya 7

Jibu limekuja la kizamani, relei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili. Koili ya volti 5 nimeifunga kati ya graundi na hasi 5. Mguso wake ndio unaopitisha chanya 12 kwenda P8. Kama hasi 5 haipo, relei haishiki, na 12 haifiki kwenye bodi. Na kwa kuwa relei inahitaji kama volti 3.75 ndipo ishike na inachukua milisekunde kadhaa, nimepata ule mpangilio wa hasi kwanza bila kupanga. Pawa Gudi yenyewe inakuja milisekunde 100 mpaka 500 baada ya umeme kutulia kwa hiyo haina mgogoro.

Koili inavuta kama miliampia 70, hivyo 7905 inachoma nusu wati hivi, inapata uvuguvugu tu, na ile 0.3 ya hasi 12 inatosha na chenji. Dayodi ya kumeza teke la koili nimeiweka mstari ukielekea graundi, usisahau kwamba hapa graundi ndiyo iliyo juu, hasi 5 iko chini.

Nisiisifie kupita kiasi. Relei ikishashika haiachii kirahisi, hasi 5 ikilegea ikawa hasi 3 bado itabaki imeshika. Inalinda dhidi ya kukatika kabisa, siyo dhidi ya kudhoofika. Nimejaribu kwa kuchomoa waya wa hasi 5 mara kumi nikiwa na balbu badala ya mazabodi, mara zote kumi balbu ya 12 ilizimika papo hapo. Kwangu inatosha.

Flopi zinachukua 12 yao pembeni, moja kwa moja kutoka Flex, hazipiti kwenye relei. Zile mota za zamani zikianza kuzunguka zinavuta kwa fujo na sitaki huo usumbufu upite kwenye mguso mmoja na RAM.

Siku ya 8

P8 na P9. Weusi wakae katikati, hiyo kila mtu anaijua, lakini mimi ni mwoga kwa hiyo kabla ya kuchomeka nilipima kila tundu la plagi mara mbili nikaandika kwenye karatasi. Kwenye 5150 pini ya pili ya P8 ni tupu, ni ya kuongoza plagi, wakati mashine za AT za baadaye zina chanya 5 hapo, kwa hiyo adapta za kununua zinaweza kuja na waya mwekundu mahali ambapo bodi yako haina kitu. Mimi sikuuweka.

Kwanza bila kadi. 5.01, hasi 5.02, hasi 11.8. Ile 12 inasoma 12.4, iko juu kidogo. Hiyo ndiyo tabia ya pawasaplai inayotumia rula moja kupimia laini mbili: ukiibebesha 5 yeye anakaza, na 12 ambayo haina mzigo inapanda naye. Bado iko ndani ya asilimia 5, kwa hiyo naiacha. Flopi ikianza kuzunguka inashuka yenyewe mpaka 12.1.

Nikagusa RAM kwa mgongo wa kidole, safu zote. Vuguvugu, hakuna inayounguza.

Nikarudisha CGA, kibodi, TV. Klak. Kisha tik ndogo ya relei ndani ya boksi, ambayo haikuwepo 1981 na sasa ndiyo sauti ninayoisubiri kuliko zote. Skrini nyeusi kwa muda, inahesabu RAM yake kimyakimya, mimi nimeshika meza. Mlio mmoja mfupi. Kwa kuwa kadi ya flopi nilikuwa sijaiweka ikaangukia kwenye BASIC, lugha ya kuandikia programu, iliyomo ndani ya ROM, na chini yake ikaandika Ok.

Nikaandika mstari mmoja wa kuchapa namba kutoka 1 mpaka elfu nikaiacha izunguke wakati natafuta skurubu iliyoanguka.

Siku ya 11

Imewaka masaa sita mfululizo leo na flopi mbili. Mita ya ukutani inaonyesha wati 38 ikiwa imetulia. Shida iliyobaki ni feni ya Flex, ya milimita 40, inalia kama mbu aliyeingia kwenye kikombe. Feni ya zamani ilikuwa na mngurumo wa heshima, hii inakera. Kesho naweka feni ya milimita 80 kwenye tundu la asili la boksi ivute hewa kupitia mule ndani, halafu hii ndogo nitaipunguzia mwendo nione joto la 7905 linasemaje.

Na nimebandika karatasi kwenye mfuko wa mzee: MZIMA, USITUPE, VOLTI 120.